Soko la ndege la Pramuka: Kwa nini nyimbo za mjini zinaacha misitu kimya

Soko la ndege la Pramuka, mashariki mwa jiji la Jakarta nchini Indonesia, ni miongoni mwa masoko makubwa ya ndege katika Asia ya Kusini-Mashariki. Huuzwa humo ndege wa kila namna, lakini wanaotafutwa zaidi ni wale wanaoimba. Kwa watu wa kisiwa cha Java, kumfuga ndege mwenye sauti nzuri ni desturi ya karne nyingi. Kwa wanasayansi wanaohesabu ndege porini, desturi hiyo sasa ni chanzo cha hofu kubwa.

Katika makala hii tunaingia sokoni Pramuka, tunaeleza biashara hiyo inavyoendeshwa, na tunajibu swali ambalo mgeni yeyote atajiuliza akiona matundu yale yote: ndege hawa wanatoka wapi, na kesho watatoka wapi?

Sokoni kuna nini?

Pramuka si gulio la barabarani. Ni soko rasmi la jiji, lenye vibanda vilivyobanana, kila kimoja na matundu yaliyoning'inizwa kuanzia usawa wa magoti hadi darini. Kuna matundu ya mianzi na ya mbao zilizochongwa na kupakwa rangi, ambayo bei yake inaweza kumpita ndege aliyemo ndani. Kuna pia makasha makubwa ya waya ambamo ndege wa bei ya chini hurundikwa kwa makumi.

Anayeanza kuuzoea ulimwengu huu hujifunza majina matatu kwanza. La kwanza ni murai batu, ndege mweusi mwenye tumbo la rangi ya kutu na mkia mrefu, anayesifiwa kwa sauti nzito na kwa uhodari wa kuiga sauti za wengine. La pili ni cucak rawa, ndege wa jamii ya shore, mwenye kichwa cha rangi ya majani makavu, ambaye kwa asili huishi kwenye miti ya kando ya mito. La tatu ni perkutut, njiwa mdogo mwenye mistari, ambaye wazee wa Java humhusisha na bahati njema na utulivu wa nyumba.

Pembeni mwa biashara ya ndege kuna biashara nyingine inayolisha watu wengi: ya chakula chao. Huuzwa nafaka, nyenje walio hai, mabuu ya wadudu, na kitu kiitwacho kroto. Kroto ni mabuu ya wale chungu wanaoshona majani kutengeneza viota mitini. Wasomaji wetu wa pwani ya Afrika Mashariki wanawafahamu ndugu zao kwa jina la majimoto, na wanajua jinsi wanavyouma. Huko Java kuna watu ambao kazi yao ni kuangusha viota hivyo kwa miti mirefu, kukusanya mabuu na kuyapeleka mjini, kwa sababu wafugaji wanaamini kwamba kroto humpa ndege nguvu ya kuimba.

Kwa hiyo tunapozungumzia soko hili hatuzungumzii muuzaji wa ndege peke yake. Tunazungumzia fundi wa matundu, mkusanyaji wa kroto, msafirishaji, mlezi wa vifaranga na mwamuzi wa mashindano. Kila anayependekeza soko lifungwe kesho asubuhi anapaswa kuwakumbuka watu hao.

Desturi yenye mizizi

Katika mila za Java, mwanamume aliyekamilika alitakiwa kuwa na vitu vitano: nyumba, mke, farasi, jambia la jadi liitwalo keris, na ndege. Siku hizi farasi amegeuka pikipiki au gari, na keris imewekwa kabatini, lakini ndege bado ananing'inia barazani. Sauti yake asubuhi ni dalili kwamba mwenye nyumba ana nafasi ya kukaa, kunywa kahawa na kusikiliza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliohoji zaidi ya kaya 3,000 kisiwani Java, unaonyesha ukubwa wa jambo hili. Watafiti walikadiria kwamba theluthi moja hivi ya kaya milioni 36 za kisiwa hicho zinafuga ndege, na kwamba jumla ya ndege walio matunduni ni kati ya milioni 66 na milioni 84. Idadi hiyo iliwafanya baadhi ya wataalamu kuuliza kama Java ina ndege wengi zaidi matunduni kuliko mitini.

Kinachoongeza moto ni mashindano. Kila mwisho wa wiki, katika viwanja vya miji mikubwa na midogo, matundu hutundikwa kwa mistari chini ya paa la chuma. Wenye ndege husimama nje ya kamba, wakipiga miluzi na kuita kwa sauti ili ndege wao wachangamke, huku waamuzi wakipita chini ya matundu na kusikiliza. Hutazamwa ukubwa wa sauti, mpangilio wa wimbo, ndege anaimba kwa muda gani bila kukatiza, na jinsi anavyosimama. Mshindi hupata fedha, kikombe na heshima. Lakini faida kubwa zaidi ni kwamba bei ya ndege aliyeshinda hupanda papo hapo, pengine hadi kufikia bei ya gari.

Mashindano haya si mchezo wa watu wachache wa vijijini. Mwezi Machi 2018 Rais wa wakati huo, Joko Widodo, alihudhuria mashindano ya ndege wa kuimba katika bustani ya mimea ya Bogor, yaliyoshindaniwa kwa kombe lenye jina la cheo chake. Yeye mwenyewe anajulikana kuwa mpenzi wa ndege.

Ndege hafiki kwenye mashindano bila mafunzo. Kinda huwekwa karibu na ndege mwingine mwenye sauti inayotakiwa, au huchezewa sauti zilizorekodiwa, ili aichukue na kuiingiza katika wimbo wake. Ndege huyo mwalimu huitwa master. Hapo ndipo panapoonekana kwamba hata ndege asiyeshindana anaweza kuwindwa. Wapo wa msituni wasiojua kupambana jukwaani, lakini wanakamatwa na kuuzwa kwa ajili ya sauti moja tu ambayo mwanafunzi ataiiga.

Njia kutoka msituni

Java ni kisiwa chenye watu wengi na misitu michache. Aina nyingi zinazopendwa zimekwisha au zimekuwa adimu kisiwani humo. Kwa hiyo mtego umehamia mbali: Sumatra, Kalimantan, Sulawesi na visiwa vidogo vilivyozunguka.

Mfumo ni rahisi. Mwanakijiji anaingia msituni na nyavu, au anapaka ulimbo kwenye vijiti, na mara nyingi anatumia ndege mwingine au sauti iliyorekodiwa kama chambo. Anachokamata anamuuzia mkusanyaji wa eneo lake. Mkusanyaji hujaza makasha na kuyapakia kwenye basi au lori. Walanguzi wa Sumatra hulazimika kupita bandari ya Bakauheni, upande wa kusini kabisa wa kisiwa, ambapo vivuko huvuka mlangobahari wa Sunda kuelekea Merak, upande wa Java. Hapo Bakauheni maofisa wa karantini wamekuwa wakikamata shehena za ndege zilizofichwa chini ya viti, ndani ya buti za magari na katikati ya mizigo ya matunda.

Sehemu ya ndege hao hufa kabla ya kufika sokoni. Ndege wa msituni anayekula wadudu, aliyezoea kuruka huku na huko, hawezi kwa urahisi kuvumilia giza, joto, kiu na msongamano wa kasha la plastiki kwa siku mbili au tatu. Kwa hiyo idadi tunayoiona sokoni si idadi ya waliotolewa msituni. Ni idadi ya walionusurika.

Mwezi Julai 2014 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori duniani, lilituma watu kuhesabu ndege katika masoko matatu ya Jakarta: Pramuka, Jatinegara na Barito. Kwa siku tatu tu walihesabu zaidi ya ndege 19,000 wa aina 206. Idadi kubwa kabisa ilikuwa Pramuka, na karibu wote walikuwa ndege wa asili ya Indonesia. Chini ya utaratibu wa nchi hiyo, ndege wa porini asiyelindwa anaweza kukamatwa tu kwa mgawo maalumu unaotolewa na serikali kila mwaka. Kwa aina nyingi zilizokuwa pale, hakukuwa na mgawo wowote.

Ndege wanaopotea

Wataalamu wameipa hali hii jina: mgogoro wa ndege wa kuimba wa Asia. Mwaka 2015 walikutana Singapore kuujadili, na mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, likaunda kundi maalumu la wataalamu wa kushughulikia biashara hiyo.

Tuchukue mifano mitatu.

Cucak rawa aliwahi kusikika katika nchi kadhaa za eneo hilo. Leo huko Java haonekani tena porini, na Sumatra amekuwa nadra sana. Mwaka 2018 IUCN ilimweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. La kushangaza ni kwamba mojawapo ya maficho yake makubwa yaliyobaki ni Singapore, nchi ya majengo marefu, kwa sababu huko sheria inasimamiwa na mtego hauwekwi ovyo.

Jalak bali, ndege mweupe wa jamii ya kwezi mwenye ngozi ya buluu kuzunguka macho, huishi kwa asili katika kisiwa cha Bali peke yake. Mwaka 2001 walihesabiwa sita tu porini. Hata waliokuwa wakizalishwa ili kurudishwa msituni hawakuwa salama: mwaka 1999 majambazi wenye silaha waliingia katika kituo cha kuzalishia ndege hao magharibi mwa Bali na kuwaiba 39. Ndege alikuwa amekuwa adimu kiasi cha kuibwa kama dhahabu, na kuibwa huko kukamfanya awe adimu zaidi.

Mfano wa tatu ndio mgumu zaidi kuuelewa. Jalak suren wa Java, kwezi mweusi na mweupe, zamani alikuwa ndege wa kawaida mashambani, akifuata wadudu kwenye majaruba ya mpunga. Sasa watafiti wanaamini kwamba porini hayupo tena, au karibu hayupo. Lakini ukizunguka barazani kwa watu, wapo wengi mno. Makadirio ni zaidi ya milioni moja. Hao wamezalishwa matunduni kizazi baada ya kizazi, na wamechanganywa na jamaa zao kutoka kwingine. Mtu anaweza kumsikia kila asubuhi kwa jirani na asitambue kwamba huyo ndege, kama ndege wa mwituni, amekwisha.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Msitu wa Java bado unaweza kuonekana wa kijani kutoka angani. Miti ipo. Lakini anayeingia ndani alfajiri, saa ambayo ndege walipaswa kuwa wakiitana, husikia machache. Ndege hawakuwa mapambo ya msitu. Walikuwa wakila wadudu na kusambaza mbegu za matunda. Wanapoondoka, kazi hiyo hubaki bila mtu.

Sheria na mvutano

Indonesia haikosi sheria. Sheria ya uhifadhi ya mwaka 1990 iliweka adhabu ya hadi kifungo cha miaka mitano na faini ya hadi rupia milioni 100 kwa anayefanya biashara ya mnyama anayelindwa, na marekebisho ya mwaka 2024 yameongeza makali. Tatizo ni nani anaingia katika orodha ya wanaolindwa.

Mwaka 2018 ulitoa somo zuri. Katikati ya mwaka huo wizara inayohusika na mazingira na misitu ilitoa orodha mpya, na ndani yake walikuwamo murai batu, cucak rawa na jalak suren. Wafugaji walipinga kwa nguvu. Hoja yao ilikuwa kwamba mamilioni ya watu wa kawaida wangegeuka wahalifu kwa usiku mmoja, na wanaozalisha ndege nyumbani wangekosa soko. Miezi michache baadaye wizara ilirekebisha orodha na kuwaondoa ndege hao watatu pamoja na wengine wachache. Wahifadhi walilalamika kwamba sayansi imeshindwa na wapiga kura. Wafugaji walisema sauti yao imesikika.

Baada ya hapo hatua zikatoka nje ya nchi. Novemba 2022, katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama, nchi wanachama zilikubaliana kumweka cucak rawa katika daraja la juu la ulinzi, linalozuia biashara ya kimataifa ya ndege wa porini, na kumweka murai batu katika daraja la pili, ambalo biashara yake lazima iwe na kibali. Hata hivyo CITES huhusu kinachovuka mipaka ya nchi. Ndege anayetoka Sumatra kwenda Jakarta hajavuka mpaka wowote wa kimataifa.

Je, kuzalisha matunduni ni jibu?

Hapa kuna mfano unaotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Miongoni mwa ndege waliopata umaarufu mkubwa Java katika miaka ya karibuni ni kasuku wadogo wa rangi rangi ambao hata wenyeji huwaita kwa jina la Kiingereza, lovebird. Aina mbili zinazojulikana sana kati ya hao asili yao ni Tanzania. Mmoja wao, aliyepewa jina la mtafiti Mjerumani Gustav Fischer, huishi porini kaskazini mwa nchi, yakiwemo maeneo ya Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria.

Wanaoshindana Java leo wamezalishwa huko huko. Kasuku hawa huzaa vizuri matunduni, na familia nyingi zimejipatia kipato kwa kuwazalisha katika uwanja wa nyuma wa nyumba. Kwa hiyo mfano huu unaonyesha kwamba mapenzi ya ndege si lazima yamalize msitu. Lakini njia yao hadi hapo haikuwa ya bure: katika miaka ya 1980 ndege hao walikamatwa porini Tanzania kwa wingi na kuuzwa nje. Mwaka 2016 Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Na nchini Kenya, kandokando ya Ziwa Naivasha, wapo kasuku mchanganyiko, kizazi cha ndege waliotoroka matunduni na kuzaliana mahali ambapo si kwao.

Ufugaji una mipaka mingine. Kumlea murai batu tangu yai hadi aimbe kunagharimu muda na chakula. Kumkamata porini ni kazi ya asubuhi moja. Wapo pia mashabiki wanaoamini kwamba ndege wa msituni ana sauti kali zaidi. Na pale ambapo hakuna kinachomtofautisha aliyezaliwa tunduni na aliyenaswa kwa ulimbo, wa pili huuzwa kwa jina la wa kwanza. Ndiyo maana baadhi ya vyama vya wafugaji vimehimiza pete ya mguuni, ile isiyo na kiungo, ambayo huvalishwa kinda akiwa na siku chache tu na haiwezi kuingizwa kwenye mguu wa ndege mkubwa. Mashindano yanayokubali ndege wenye pete peke yake humpa mfugaji sababu ya kununua kwa mzalishaji badala ya mwindaji. Kwa maoni ya wengi wanaofuatilia suala hili, kubadili kanuni za mashindano kunaweza kufika mbali kuliko kuvamia masoko.

Kama utatembelea

Masoko ya namna hii yamekuwa vivutio vya watalii, si Jakarta tu bali pia Yogyakarta, ambako soko la zamani la Ngasem lilihamishiwa mahali papya mwaka 2010. Kwa msomaji wetu atakayepita huko, tuna mambo machache ya kushauri.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Wauzaji wamechoka na kamera zinazokuja kutafuta makosa. Usiguse ndege, na nawa mikono ukitoka, kwa kuwa Indonesia imewahi kupoteza watu kwa homa ya mafua ya ndege tangu mwaka 2005. Usijaribu kuondoka na ndege bila vibali.

Zaidi ya yote, usimnunue ndege ili kumwachia huru, hata kama moyo unakuuma. Muuzaji hatajua nia yako. Atakachojua ni kwamba ndege amenunuliwa, na kesho ataagiza mwingine. Naye uliyemwachia huenda ametoka kisiwa kingine, hajui miti ya Jakarta, na hatamaliza wiki.

Keti badala yake na mmoja wa wafugaji, umuulize ndege wake alizaliwa wapi. Wengine watajibu kwa fahari, wakionyesha pete mguuni na kutaja wazazi wa ndege huyo kama anayetaja ukoo. Wengine watacheka na kubadili mazungumzo. Jibu analotoa mfugaji kwa swali hilo dogo ndilo litakaloamua kama wajukuu wa watu wa Sumatra na Java watamsikia murai batu mtini, au watasimuliwa tu kwamba zamani alikuwa akiishi huko.